Pedali za Kunasa: Nunua za Vumbi, Usinunue za Kuuza Sura

Wasee wa baiskeli, leo tuongee ukweli hata kama kuna watu watanuna. Kama wewe ni wa changarawe, yaani Jumamosi unatoka Nairobi kwa lami, ukifika Limuru unaingia njia za mashamba ya majani chai, halafu unarudi nyumbani na udongo mwekundu mpaka kwa nyusi, pedali za kunasa zinazokufaa ni zile za mlimani. Zile za kleti ndogo ya chuma inayoshikwa na skrubu mbili. Za mashindano ya lami, zile za skrubu tatu na kleti kubwa ya plastiki, waachie watu wa lami. Na kama bado uko na pedali bapa za kawaida, hakuna mtu ana ruhusa ya kukwambia wewe si mwendesha baiskeli.

Hayo ndiyo maoni yangu. Sasa nipe dakika kumi nikuonyeshe kwa nini.

Naandika hii kwa sababu kuna kitu kinaniudhi. Msee wa miaka kumi na tisa anajiunga na mbogi ya Jumapili. Ameweka akiba miezi mingi, amepata baiskeli ya mtumba iko fiti. Wiki ya kwanza tu, mtu anamwangalia miguu anacheka: "Aah, bado uko na hizo?" Wiki ya tatu huyo msee ameuza simu yake nzuri, amenunua pedali na viatu kama vya wale tunaowaona Tour de France. Wiki ya nne tuko kwa matope ya Kiambu, sisi wote tunasukuma baiskeli, yeye anateleza kama ng'ombe kwenye sakafu ya vigae. Pesa imeenda, na raha pia imeenda.

Hizi vitu ni nini haswa?

Kwa wale wageni, tuanze hapo. Chini ya kiatu unafunga kachuma kadogo kanaitwa kleti. Pedali ina springi. Ukikanyaga, kleti inanasa kwa springi, unasikia "tak!" Ukitaka kutoka, unazungusha kisigino kwenda nje na mguu unachomoka. Hakuna kamba, hakuna gundi.

Jina lake la Kiingereza linachanganya kila mtu, kwa sababu ukilitafsiri linasema pedali isiyo na klipu, na kazi yake yote ni kushika mguu. Sababu ni ya zamani. Kabla ya hizi, wakimbiaji walikuwa wanaingiza vidole kwa kikapu kidogo cha chuma kisha wanakaza na mkanda. Hicho kikapu ndicho kilikuwa kinaitwa klipu. Mwaka 1984, Look, kampuni ya Ufaransa iliyokuwa ikitengeneza vishikio vya viatu vya kuteleza kwenye theluji, ilileta pedali inayoshika kiatu bila kikapu. Mwaka uliofuata Bernard Hinault akashinda Tour de France akiwa nazo, na mambo yakabadilika.

Halafu mwaka 1990, Shimano ya Japani ikatoa mfumo wa SPD. Hapa ndipo sisi watu wa vumbi tunaingia. Kleti ya SPD ilikuwa ndogo, ya chuma, na inajificha ndani ya soli ya kiatu. Maana yake, ukishuka unaweza kutembea kama binadamu. Huo mgawanyiko, wa lami upande huu na wa mlima upande ule, uko mpaka leo. Ukiuelewa huo peke yake, tayari umeokoa pesa.

Uwongo wa "utavuta pedali juu"

Kila muuzaji atakwambia ukinasa miguu utakuwa unasukuma chini na kuvuta juu, kwa hivyo nguvu zinaongezeka mara mbili. Inasikika poa. Shida ni kwamba mwili haufanyi hivyo.

Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Colorado, Marekani, walichapisha utafiti ambao kila mtu anayeuza pedali angepaswa kuusoma. Waliwapima waendesha baiskeli wakiwa na raba za kukimbia kwenye pedali bapa, kisha na vikapu vya vidole, kisha na viatu vya baiskeli na pedali za kunasa. Kwa mwendo wa kawaida, nishati ambayo mwili ulitumia haikuwa na tofauti ya maana. Soma hiyo tena. Raba za kukimbia.

Sasa sisemi hazina faida. Kwa sprinti kali, ile ya kusimama na kutoa kila kitu, viatu vigumu na pedali za kunasa vinasaidia, na kuna utafiti unaoonyesha hivyo. Lakini jiulize: kwa safari yako ya kilomita sitini ya Jumapili, unapiga sprinti mara ngapi? Mbili? Moja ukikimbizwa na mbwa?

Faida ya kweli kwa changarawe ni nyingine kabisa. Ni kwamba mguu unabaki mahali pake. Unajua zile barabara zimekauka mpaka zimekuwa kama bati la paa, matuta madogo madogo yanafuatana kilomita nzima? Ukishuka hapo kwa kasi, mguu kwenye pedali bapa unaruka ruka. Mvua ikinyesha, raba inateleza na pedali inarudi kukupiga kwa muundi. Mtu amewahi kupigwa na meno ya pedali kwa muundi anajua hiyo lugha. Ukiwa umenasa, mguu hauendi popote. Unatulia, unaangalia njia. Nunua kwa sababu hiyo, na ile ya kuvuta juu uisahau.

Skrubu mbili au tatu? Hii si ligi ya sare

Nitakupa sababu nne na utaona mimi sina chuki na mtu.

Ya kwanza ni kutembea. Changarawe ya Kenya ina kutembea ndani yake, upende usipende. Kuna geti la shamba, kuna mto bila daraja, kuna kilima kimeliwa na mvua mpaka kimebaki mawe. Kleti ya lami inatokeza chini ya kiatu. Ukitembea nayo kwa mawe unailamba kidogo kidogo mpaka inaisha, na ikiisha inaanza kuchomoka yenyewe. Kleti ya mlima imejificha kati ya meno ya soli, hata ununuzi wa ndizi kando ya barabara unafanya bila kutembea kama bata.

Ya pili ni matope. Ukipita Kitengela ama upande wa Mara wakati wa mvua utakutana na ule udongo mweusi wa pamba. Huo udongo haukuchafui, unakuvaa. Kleti kubwa bapa ikishika huo udongo, imekuwa tofali. Hainasi tena. Pedali ya mlima nayo hujaa, nisiwadanganye, lakini ukiipiga kidogo na soli inaachilia na unaendelea.

Ya tatu ni pande mbili. Pedali nyingi za lami zina upande mmoja wa kunasa. Unaanza safari, unaangalia chini, unaigeuza na kidole. Kwenye kilima cha mawe ukiwa umesimama, huna hiyo nafasi. Pedali ya mlima unakanyaga upande wowote na imeshika.

Ya nne ni pesa. Pedali nzuri ya mlima ya daraja la chini inaishi miaka. Shimano M520 ndiyo mfano ninaoupenda: jozi ina uzito wa karibu gramu 380, si nyepesi, haina sura ya kupigia picha, lakini inakula vumbi na inarudi kesho. Ukiona mtu anakucheka kwa ajili ya gramu, muulize amebeba maji lita ngapi.

Sasa uchague ya nani?

Kwa vumbi kuna familia tatu ambazo utazisikia sana, na zote zinaingia kwa kiatu cha mashimo mawili. Lakini elewa hii vizuri: kiatu kinaweza kuwa kimoja, kleti haziingiliani. Kleti ya Shimano hainasi kwa pedali ya Time. Ukinunua pedali ya mtumba bila kleti zake, hakikisha kwanza utapata kleti za familia hiyo.

Shimano ndio chaguo langu kwa anayeanza. Ukali wa springi unaurekebisha kwa alenki ya milimita 3. Mwanzoni unailegeza kabisa, ukizoea unakaza. Tena kuna kleti aina mbili. Ile ya kawaida, SH51, inatoka ukizungusha kisigino pembeni. Ile nyingine, SH56, inachomoka pia kwa pande zaidi, hata ukivuta kwa hofu. Ukianza, omba SH56. Wanaokwambia ni za watoto, waambie watoto pia wanapenda kuishi.

Time iliyoanzia Ufaransa, zile za ATAC, zina nafasi nzuri ya kisigino kuyumba kabla hazijaachilia, na magoti mengi yanazipenda kwa hiyo. Matope hayazisumbui sana.

Crankbrothers ya Marekani ina ile pedali inaitwa Eggbeater, kama mchapo wa mayai kweli, unaweza kunasa pande nne. Kwa matope ni noma. Lakini springi yake huwezi kurekebisha ukali, na kleti zake za kawaida ni za shaba nyeupe kwa njano, laini, kwa hivyo ukitembea sana kwa mawe zinaisha haraka. Kwa mtu anayejua anachotaka, sawa. Kwa mtu wa kwanza, mimi ningesubiri.

Na kuna njia ya katikati ambayo watu wanaidharau bure: pedali yenye upande mmoja bapa na mwingine wa kunasa, kama Shimano EH500. Jumatatu unaenda chuo na raba zako, Jumamosi unageuza upande wa pili. Kwa mtu mwenye baiskeli moja ya kazi zote, hiyo inaweza kuwa akili kuliko zote.

Kiatu kinakula pesa kuliko pedali

Hapa ndipo watu huchomeka. Wanapiga hesabu ya pedali wanasahau viatu. Ushauri wangu: usikimbilie soli ya kaboni. Soli ngumu sana kwa mawe haishiki, na ukisukuma baiskeli kilimani kisigino kinatoka nje. Tafuta soli ya mpira yenye meno, yenye mashimo mawili marefu katikati.

Mtumba uko, na si aibu. Ukishika kiatu sokoni, kigeuze. Wakati mwingine mashimo yamefunikwa na kipande cha mpira kilichokatwa alama, kwa hivyo uliza au bonyeza usikie. Kunja soli: ikikunjika kama ndala, weka chini. Kwa pedali ya mtumba, shika ekseli, itikise. Ikicheza, beringi zimechoka. Springi ikiwa na kutu nyingi, endelea na safari yako. Kleti, nunua mpya. Kleti iliyoisha ni kama breki iliyoisha, inakuwa nzuri mpaka siku inakataa.

Na kama pesa haitoshi vyote? Basi mimi nasema hivi: helmeti, breki, matairi mazuri ya vumbi, kwa mpangilio huo, halafu ndio pedali. Tairi pana yenye meno, isiyojazwa upepo mpaka ikawa jiwe, itakubadilishia safari kuliko pedali yoyote duniani.

Barabara yetu haina huruma

Hii sehemu ndiyo imenifanya niandike kabisa, kwa hivyo usiiruke.

Kila anayeanza na hizi pedali huanguka. Hiyo anguko inajulikana dunia nzima: umesimama, umesahau, baiskeli inalala pole pole na wewe unalala nayo. Kwa nyasi ni kicheko. Kwa Waiyaki Way, na nganya inakupumulia kisogoni, si kicheko. Kwa sababu hiyo, yule anayemwambia mgeni "nunua tu, utazoea njiani" anacheza na maisha ya mtu.

Zoea kwanza mahali hakuna gari. Shika ukuta au mti, nasa na uchomoe mguu mmoja mara hamsini. Halafu mwingine. Halafu nenda uwanja wa nyasi, endesha, simama, endesha, simama, mpaka kisigino kijue chenyewe bila kuuliza kichwa. Springi iwe imelegezwa kabisa.

Ukiingia barabarani, chomoa mapema. Usingoje kusimama, chomoa ukiona taa, bampu, au konda ananing'inia mlangoni akiangalia abiria upande wako. Na chomoa mguu wa kushoto. Sisi tunaendesha kushoto, kwa hivyo kushoto kwako ni ukingo na kulia ni magari. Ukiyumba, yumba kuelekea ukingo. Kaitu kadogo kama hako, lakini kanaamua unaangukia nyasi ama unaangukia tairi.

Na kwa foleni nzito ya mji, mimi naona hakuna aibu kuacha mguu mmoja bila kunasa mpaka utoke. Hiyo pedali ya upande bapa inakusaidia hapo pia.

Kufunga si kazi ya kubahatisha

Mambo matatu, haraka. Moja, pedali ya kushoto ina nyuzi za kinyume. Ukifungua zote kwa upande mmoja utaharibu mkono wa pedali, na fundi atakuuzia mwingine. Ipake grisi kidogo kwa nyuzi kabla hujafunga. Mbili, kleti iweke chini ya ile sehemu pana ya unyayo, nyuma ya vidole, au hata nyuma kidogo zaidi. Iache ifuate vile mguu wako unavyosimama kiasili. Goti likianza kuuma baada ya safari, usivumilie ukadhani ni mazoezi, rekebisha kleti. Tatu, skrubu za kleti hulegea siku za kwanza. Zikilegea, unazungusha kisigino, kiatu kinazunguka lakini kleti inabaki imenasa, na hapo umefungwa kama mateka. Tembea na alenki ya milimita 4 kwa mfuko.

"Lakini mapro wanatumia"

Ndio, wanatumia. Tangu 2021 tuna Migration Gravel Race huku kwetu Mara, siku nne za vumbi, mawe na vilima, na wanaokimbia kupigania nafasi hawaendi na ndala. Marehemu Sule Kangangi, nahodha wa Team Amani aliyefariki 2022 akiwa kwenye mbio za changarawe Vermont, Marekani, alitufungulia wengi macho kwamba Mkenya anaweza kwenda kushindana na dunia kwa vumbi. Mtu wa kiwango hicho anahitaji kila kitu kinachomsaidia, na pedali ni moja yao. Sibishi.

Ninachobishia ni kuchukua mahitaji ya mtu anayekimbia mashindano na kuyageuza kuwa tiketi ya kuingia mbogi ya Jumapili. Angalia barabara ya Kiambu saa kumi na mbili asubuhi. Utakutana na mzee na Black Mamba yake, mitungi ya maziwa nyuma, gamba miguuni, gia moja, na anapanda kilima ambacho wewe ulikiwekea video. Yule mzee haulizi nani amenasa na nani hajanasa. Ukimpita salimia, na ukimpata juu ya kilima, shukuru Mungu.

Baiskeli kwa mtaa wetu ni kitu kinachoweza kumtoa kijana kwa nyumba, kikamwonyesha nchi yake bila fuliza. Tukiifunga kwa bei ya viatu, tumefunga mlango kwa watu wale wale tunaosema tunataka waje. Kwa hivyo ukiwa wewe ndiye mkubwa wa mbogi, wacha kucheka miguu ya watu. Mgeni akikuja na pedali bapa, muulize maji anayo na breki inashika. Basi.

Na wewe unayetaka kununua: miguu yako ndiyo itakwambia wakati. Siku mguu utaanza kuruka kwa pedali ukishuka kwa kasi, siku mvua itakufanya uogope kukanyaga, hapo nenda kanunue. Skrubu mbili, pande mbili, springi imelegezwa, kleti za kuachilia haraka, kiatu cha kutembea. Chenji inayobaki, nunua chai na mandazi juu huko Tigoni.

Nani bado anabisha kuhusu skrubu tatu kwa vumbi? Kuja na hoja zako hapo chini, tubishane kwa heshima. Na kama uko na jozi ya kleti haujawahi kutumia, usiziache kwa droo. Kuna mgeni anazitafuta.